Maumivu Yalianza Saa Ngapi? Kusoma kipimo cha damu unapohofiwa ugonjwa wa kidole tumbo

Mtu anaumwa tumbo tangu jana usiku. Asubuhi anakwenda kituo cha afya kilicho jirani, anatolewa damu, anapewa kikopo cha mkojo, anakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Yanatoka: malaria hakuna, taifodi ipo kidogo, kwenye mkojo kuna UTI. Anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Kesho yake jioni tumbo limekakamaa, homa imepanda, na ndugu wanahangaika kutafuta gari la kumkimbiza hospitali ya wilaya. Huko anafanyiwa upasuaji na kukutwa kidole tumbo kimepasuka, usaha umesambaa tumboni.

Wahudumu wa afya wanaujua mlolongo huu, na mimi unaniuma kwa sababu mara nyingi hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Damu ilipimwa kweli, majibu yaliandikwa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi na sasa yako wapi, kisha akayasoma majibu ya maabara kwa kuyapima na saa hizo. Kipimo cha damu kinaweza kusaidia sana kuutambua ugonjwa huu. Lakini tarakimu isiyo na saa yake humpoteza mgonjwa na anayemtibu.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Tundu lake likiziba, labda kwa kipande cha kinyesi kilichokauka au kwa tezi zilizovimba, bakteria huongezeka ndani, ukuta huvimba, damu hushindwa kupita vizuri, na mwisho ukuta huoza na kutoboka. Daktari Reginald Fitz wa Chuo Kikuu cha Harvard aliueleza mwenendo huo mwaka 1886 na akahimiza upasuaji wa mapema. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba uchache wake vijijini Afrika unatokana na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Hoja ya chakula bado inajadiliwa. Lakini leo ukimwuliza daktari wa upasuaji katika hospitali yoyote ya mkoa, atakuambia kwamba operesheni ya kidole tumbo ni miongoni mwa za dharura anazozifanya mara kwa mara. Wengi wa wagonjwa wake ni vijana, maana ugonjwa huu hupenda umri wa miaka 10 hadi 30.

Kabla ya sindano ya damu kuna mazungumzo, na hayo ndiyo yanayoipa damu maana. Sikiliza mama aliyemleta kijana wake:

"Shikamoo mama. Maumivu yameanza lini?"

"Marahaba mwanangu. Yameanza jana."

"Jana saa ngapi? Kabla ya chakula cha usiku au baada?"

"Chakula alikikataa. Alisema tumbo linamkata hapa kitovuni. Saa nane usiku akatapika. Alfajiri ndiyo akaanza kushika huku chini, kulia, hata kunyooka hawezi."

Maneno machache, lakini daktari ameshapata mengi. Maumivu yalianza kitovuni kisha yakahamia chini kulia. Hamu ya kula ilikwisha. Kutapika kulikuja baada ya maumivu. Anayeumwa tumbo la kuharisha, mara nyingi hutapika au kuhara kwanza. Na zaidi ya yote, saa imepatikana: tangu jana jioni. Ukienda hospitali, taja saa kwa ukamilifu wake, saa nane usiku au saa nane mchana, kwa sababu faili nyingi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kosa la saa kumi na mbili hapa linabadilisha kila kitu.

Kisha mkono wa daktari hushuka tumboni. Mwaka 1889 Charles McBurney wa New York alieleza mahali panapouma zaidi: piga mstari kutoka kitovuni hadi ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia, sehemu yenyewe iko theluthi moja ya mstari huo ukianzia kwenye mfupa. Daktari anaweza kukuomba ukohoe, au uruke kidogo kwa mguu mmoja. Anaweza pia kukuuliza jambo litakalokushangaza: gari lilipopita kwenye matuta, uliumia? Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wagonjwa waliofika hospitali wakishukiwa ugonjwa huu. Kati ya 34 waliothibitika kuwa nao na ambao gari lao lilipita kwenye matuta, 33 walisema maumivu yalizidi. Wapo pia wasiokuwa na ugonjwa huo walioumia vilevile, kwa hiyo tuta halithibitishi. Ila mtu aliyepanda bajaji kwenye barabara yetu ya vumbi, akapita matuta yote bila kukunja uso, anampa daktari sababu ya kufikiria jambo jingine.

Sasa tuje kwenye karatasi ya maabara. Damu ya kwanza huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na mashine huhesabu chembe zake kwa dakika chache. Tanzania kipimo hiki wengi wanakiita FBP. Wakenya hukiita himogramu. Mstari wa juu kabisa huwa na herufi WBC, yaani chembe nyeupe, askari wa mwili. Pembeni kuna tarakimu, tuseme 13.8, na herufi H kuonyesha kwamba imevuka kiwango, ambacho maabara nyingi hukiweka kati ya 4 na 11. Hizo ni elfu: chembe 13,800 katika kila mikrolita ya damu. Shuka mistari kadhaa utakuta NEU na asilimia. Hizi ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazokimbilia bakteria. Zikizidi asilimia 75 ya chembe nyeupe zote, daktari anaanza kufikiria kwamba kuna mahali mwilini bakteria wanapigwa vita.

Kinachofichwa na herufi H ni kwamba haisemi mahali hapo ni wapi. Nimonia huzipandisha chembe nyeupe, jipu huzipandisha, maambukizi ya figo huzipandisha, hata kutapika sana na hofu huzisogeza juu kidogo. Kwa upande wa pili, vitabu vya upasuaji husema kwamba wagonjwa takriban 8 kati ya 10 wa kidole tumbo huwa na chembe nyeupe zilizopanda. Maana yake wapo wengine, si wachache, ambao kidole tumbo chao kinavimba huku karatasi ikisema kila kitu kiko sawa.

Kipimo cha pili kinachosaidia ni CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata uvimbe au maambukizi. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia huko New York. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita, kutegemea maabara. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, lakini hospitali nyingi za mijini zinacho, na inafaa kukiulizia.

Hapa ndipo saa inapokuwa na kazi. Chembe nyeupe hupanda mapema, ndani ya saa chache tangu uvimbe uanze. CRP ni nzito kuamka: ini huhitaji saa 6 hadi 12 kabla kiwango hakijaanza kupanda, na kilele chake huja baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Ukipima saa nne baada ya maumivu kuanza, CRP yenye tarakimu 3 haikuambii chochote cha kukufariji. Ukipata tarakimu hiyohiyo baada ya saa 30, na chembe nyeupe nazo ziko chini, na tumbo ni laini, basi uwezekano wa kidole tumbo unakuwa mdogo sana, na daktari anaweza kusubiri bila kukimbilia kisu. Karatasi mbili zinazofanana kabisa, maana mbili tofauti, na tofauti yenyewe ni saa ya kuanza kwa maumivu.

Kwa sababu hiyo, pale hali isipokuwa wazi, jambo bora kuliko yote ni kurudia kipimo. Anayeyatazama maji ya bahari mara moja hawezi kujua kama yanajaa au yanakupwa. Akirudi baada ya saa kadhaa ndipo anajua. Chembe nyeupe 10.5 asubuhi na 14 jioni zinasema jambo ambalo hata moja kati ya hizo mbili isingelisema peke yake. CRP ya 8 iliyofika 60 katika saa 12 haihitaji mjadala mrefu. Daktari akikuambia, "Tutakulaza, tutarudia damu usiku," usidhani anakuzungusha au anatafuta pesa. Na akikuruhusu urudi nyumbani huku bado una maumivu, muulize waziwazi: nirudi saa ngapi kupimwa tena?

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo linatuhusu sisi hasa. Viwango vya kawaida vinavyochapwa pembeni mwa majibu, kwa mashine nyingi, vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kuliko hao, na ni wazima kabisa. Inatokana na tofauti ya kurithi kwenye jeni iitwayo Duffy, ileile inayofanya malaria ya aina ya vivax ishindwe kuingia kwenye chembe zetu nyekundu. Sasa fikiria mtu ambaye siku zote chembe zake nyeupe huwa 3.5. Anafika hospitali na 8. Mashine haiweki H, karatasi inasema kawaida, ilhali kwake zimezidi maradufu. Daktari hawezi kulijua hilo usipomletea majibu ya zamani. Kama uliwahi kupimwa FBP kliniki ya wajawazito, kazini, au ulipotaka kusafiri kwenda Oman au Dubai, hifadhi ile karatasi, au ipige picha ibaki kwenye simu. Siku ya dharura itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Yapo pia makundi ambayo tarakimu hizi huyumba kwa sababu nyingine. Mjamzito hupandisha chembe nyeupe bila ugonjwa wowote. 15 kwake inaweza kuwa kawaida, na mimba ikikua husukuma kidole tumbo kutoka mahali pake, hata maumivu yakaja juu zaidi ya yanapotarajiwa. Mwenye sikoseli huwa na chembe nyeupe nyingi hata siku ya raha, na huumwa tumbo kwa ugonjwa wake wenyewe. Anayetumia dawa za steroidi, kama predinisoloni, chembe zake hupanda kwa dawa. Mwenye kinga iliyoshuka, au mzee wa miaka 70 na zaidi, anaweza kuwa na usaha tumboni na chembe nyeupe zisisogee. Na mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kueleza maumivu yalianzia wapi, ndiyo maana wengi wao hufikishwa kwenye upasuaji kidole tumbo kikiwa kimeshatoboka. Kama uko kwenye kundi mojawapo, litaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Turudi kwenye yale majibu matatu ya benchini, kwa sababu hayo ndiyo yanayochelewesha watu wengi. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na katika maeneo yenye malaria nyingi watu hutembea na vijidudu bila kuumwa. Kwa hiyo hata malaria ikionekana, haimaanishi kwamba ndiyo inayouma chini ya tumbo upande wa kulia. Kipimo cha Widal cha taifodi ni kigumu zaidi kukiamini: damu ya mtu aliyewahi kupata maambukizi zamani inaweza kuonyesha chanya, na majibu ya "taifodi kidogo" yasiyotokana na kuotesha damu maabara hayatoshi kumaliza uchunguzi. Na mkojo, hapa naomba usome taratibu: kidole tumbo kilichovimba kikigusa mrija wa mkojo au kibofu, chembe nyeupe huonekana kwenye mkojo. Karatasi itasema UTI. Mgonjwa atapewa antibayotiki, zitapunguza makali kwa siku moja au mbili, na ugonjwa utaendelea chini kwa chini. Kila mwanamke aliyeambiwa ana UTI huku maumivu yakiwa yamehama kutoka kitovuni kwenda chini kulia ana haki ya kuuliza kama kidole tumbo kimefikiriwa. Aulize pia kipimo cha ujauzito, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma mahali palepale na huua haraka zaidi.

Madaktari wana njia ya kuyaweka haya yote pamoja. Inayotumika zaidi ni alama za Alvarado, zilizobuniwa na daktari Alfredo Alvarado huko Philadelphia na kuchapishwa mwaka 1986 kutokana na wagonjwa 305. Jumla ni alama 10. Maumivu kuhama, hamu ya kula kuisha, kichefuchefu au kutapika, joto la mwili kufika 37.3, na maumivu yanayozidi mkono unapoachia tumbo ghafla, kila moja ni alama 1. Maumivu ya kubonyezwa chini kulia ni 2. Chembe nyeupe kuzidi 10,000 ni 2, na nyutrofili kuzidi kiwango ni 1. Angalia mgawanyo huo: maabara ina alama 3 tu, na 7 zinatokana na kumsikiliza na kumgusa mgonjwa. Mwenye 4 au chini yake uwezekano wa ugonjwa ni mdogo. 5 na 6 huangaliwa na kurudiwa vipimo. 7 na kuendelea anahitaji daktari wa upasuaji. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walitoa alama nyingine zenye jumla ya 12, na hizo zimeiingiza CRP. Mimi napenda alama za Alvarado kwa sababu hata tabibu aliye peke yake zamu ya usiku, mbali na mji, anaweza kuzitumia na kuamua ampe nani rufaa.

Bilirubini, kipimo kingine cha damu, nayo huulizwa siku hizi. Ikipanda kwa mtu aliyekwishashukiwa ugonjwa huu, na hana maradhi ya ini wala sikoseli, huashiria kwamba kidole tumbo huenda kimeanza kuoza au kimetoboka. Ni dokezo la ukali, si la kuutambua ugonjwa wenyewe. Prokalsitonini, ambayo hospitali kubwa za binafsi huipendekeza kwa bei ya juu, iko hivyohivyo: usihangaike kuilipia iwapo daktari hana sababu maalumu. Pesa hiyo ni bora iende kwenye altrasaundi, hasa kwa mtoto na mwanamke, ukijua tu kwamba altrasaundi isiyokiona kidole tumbo haijasema kwamba kiko salama.

Ukiwa bado nyumbani, mambo ya kufanya ni machache. Usinywe dawa ya kuharisha wala usipigwe bomba kwa nia ya kusafisha tumbo au kutoa chango; utumbo ukisukumwa kwa nguvu, kidole tumbo kilichovimba kinaweza kutoboka. Usinunue antibayotiki dukani, kwa sababu zinavuruga dalili na vipimo kwa pamoja. Dawa ya maumivu utakayopewa hospitalini haina tatizo hilo. Imani ya zamani kwamba inamficha mgonjwa kwa daktari imefanyiwa utafiti na haikuthibitika. Acha kula, kwa kuwa huenda ukahitaji usingizi wa upasuaji. Andika saa maumivu yalipoanza, saa yalipohama, saa ya kutapika, na dawa yoyote uliyomeza. Na maumivu makali yakikatika ghafla, kisha tumbo likaanza kujaa na homa kupanda, usifurahie nafuu hiyo. Panda gari.

Ukithibitika kuwa na ugonjwa, upasuaji bado ndiyo tiba ya kawaida kwetu. Tafiti za Finland na Marekani zimeonyesha kwamba baadhi ya watu wazima ambao kidole tumbo chao hakijatoboka wanaweza kutibiwa kwa antibayotiki peke yake. Lakini katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, takriban watu 3 kati ya 10 walioanza kwa dawa walifanyiwa upasuaji ndani ya siku 90. Uamuzi huo unataka kipimo cha CT cha kuhakikisha hakijatoboka na hospitali unayoweza kuifikia usiku wa manane. Anayeishi kisiwani au kijijini, ambako usafiri ni wa kubahatisha, nisingemshauri.

Baada ya operesheni, kabla hujaruhusiwa, uliza kama kidole tumbo kilichotolewa kimepelekwa maabara ya patholojia na majibu yatatoka lini. Huchukua muda, na wengi hawarudi kuyafuata kwa sababu wameshapona. Mara chache huonekana uvimbe mdogo unaohitaji ufuatiliaji. Na kwa wanaooga au kufanya kazi kwenye maji ya Ziwa Victoria, au kulima mpunga wa bondeni, wakati mwingine hukutwa mayai ya kichocho ndani ya ukuta wake. Hapo mgonjwa anahitaji vidonge vya prazikwanteli, na watu wa nyumbani kwake wanaotumia maji yaleyale wanahitaji kupimwa.